Nyongeza ya Apolonia

Siku ya zamu ya Apolonia hakuja mtu.

Uji uliiva mapema, sufuria kubwa ya wanawake kumi na wawili, na vikombe vilipangwa kwenye tuta la jaruba. Jumatatu walivuna kwa mama yake Thobias, Jumanne kwa Chausiku, na Jumatano hii, kama walivyokubaliana kikundi kizima, ilikuwa ya Apolonia. Mpunga wake ulikuwa umekauka hata ukiugusa unapukutika. Ndege walishafika. Watu ndio bado.

"Labda wamekwenda msibani," alisema Violeth, mke wa mwanawe.

"Msiba wa nani?"

Violeth hakuwa na marehemu wa kumtaja. Mumewe, Donatus, alikuwa machimboni upande wa Geita mwezi wa nne sasa, kwa hiyo nyumba ile ilikuwa ya wanawake wawili na ekari moja na nusu ya mpunga ulioiva wote kwa wakati mmoja. Ilipofika saa tatu Apolonia alishika mundu, akainama, akaanza kukata. Alikuwa na miaka sitini na moja na mgongo ulimsumbua tangu masika. Violeth alikata naye mstari mmoja, kisha akasimama.

"Mama, kuna kitu sijakwambia."

Akatoa simu kwenye pindo la khanga, akamsomea. Mteja mmoja wa Kahama ndiye aliyeandika kwenye soko la simu. "Mchele ni mzuri, hauna mawe, unanukia. Lakini ndani ya mfuko nimekuta hirizi imefungwa kwenye kaniki, na mimi nina mtoto mchanga. Nimeogopa sana. Huyu mama ni mkulima au mganga? Nampa nyota moja." Chini yake palikuwa na picha ya kifurushi cheusi kilichofungwa fundo. Juu yake palikuwa na picha ya Apolonia mwenyewe akitabasamu, jina lake lote, na jina la kijiji.

"Hiyo ni michembe," alisema Apolonia.

"Najua, mama."

"Sasa mtu gani asiyejua viazi vilivyokaushwa?"

"Mtu wa pwani. Anaitwa Shamimu."

"Na nani mwingine ameiona?"

Violeth aliifuta simu kwa kidole gumba, ingawa haikuwa chafu. "Iko kwenye kundi la kijiji tangu Jumapili."

Tuseme kweli: kosa lilikuwa la Apolonia, kama huo nao ni wa kuitwa kosa. Soko la simu lilipoingia kijijini, kijana wao Edson, mwenye ofisi Masumbwe, alipita nyumba kwa nyumba akiwapiga wakulima picha. Alisema mteja wa mjini anataka kumjua anayemlimia. Atabonyeza, ataiona sura yako, atanunua moja kwa moja kwako bila dalali. Na ilikuwa hivyo. Kufikia mwezi wa nne Apolonia alishauza mchele wake wa akiba wote kwa bei ambayo dalali asingeitamka hata akiwa amelewa, wakati majirani wengine, ambao picha zao sijui zilikosa nini, magunia yao yalikuwa bado yamelala ndani.

Tatizo lilikuwa mizani ya Edson. Alipima kilo ishirini na tano, na namba ikizidi anachota mchele kwa kiganja na kuurudisha. Apolonia alitazama jambo hilo mfuko baada ya mfuko na roho ikimuuma. Kwao kumpimia mtu ukaishia palepale kwenye ukingo wa kipimo ni uchoyo, na uchoyo wa kumwonyesha kabisa. Aliuliza nyongeza itawekwa wapi. "Mama, mfumo hauna nyongeza," Edson alijibu. Mifuko kumi alivumilia. Wa kumi na moja Edson alimsomea maelezo yake: mteja anaomba mchele laini, amejifungua wiki tatu zilizopita. Mzazi, naye anapelekewa kipimo kikavu kama mfungwa. Edson alipotoka kupokea simu, Apolonia alichukua michembe kutoka kwenye kapu, akaifunga kwenye kipande cha kaniki, nguo nyeusi iliyochakaa anayofungia mbegu kila mwaka, akaididimiza ndani ya mchele.

Hakuona aibu hata kidogo. Siku ile alilala vizuri.

*

Mariana, mwenyekiti wa kikundi cha kuvuna, alikuwa ukumbini kwake akimenya karanga. Apolonia alimkuta saa kumi, mikono yake bado ina makapi ya mpunga.

"Mwadila, Mariana," alisalimu.

"Mwadila."

Kigoda kilikuwepo, tupu, karibu na mlango. Mariana alikitazama, kisha akaendelea na karanga zake. Watu hawa walikuwa wamezaliwa mwaka mmoja, wakabatizwa siku moja, na katika miaka yote hiyo Apolonia hakuwahi kusimama kwenye ukumbi ule akisubiri kuambiwa kaa.

"Leo ilikuwa zamu yangu."

"Mgongo uliniuma."

"Kumi na wawili wote migongo?"

"Mimi nasemea wangu."

"Ni michembe, Mariana. Tuliikata pamoja mwaka jana, uani kwangu. Kisu ulikuja nacho wewe."

"Mimi sijasema kitu. Watu ndio wanasema."

"Wanasema nini?"

"Wanasema mchele wako unakwisha, wa wengine unaliwa na panya. Wanasema wateja wa simu hawajakuona wala hawakujui, sasa wanavutwa na nini? Wanasema na kaniki ile ni ya nini." Mariana alipuliza maganda ya karanga. "Mimi sijasema."

Wasemaji ni watu siku zote, na hao watu hakuna aliyewahi kuwapata nyumbani. Apolonia alisimama kidogo tena, akaaga, akaitikiwa kwa kichwa. Njiani aliogopa kweli. Alimjua bibi mmoja wa kijiji cha pili, aliyesemwa kuwa mchawi, ambaye mambo yalimwanzia hivihivi, kwa watu kutokuja shambani na kigoda kubaki kitupu. Mwisho wake kila mtu aliujua, ndiyo maana hakuna aliyeuzungumza.

*

Mtu wa kwanza kuingia uani kwao baada ya hapo alikuwa mwanaume wasiyemjua, na pikipiki iliyopakaa tope la machimboni mpaka kwenye taa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu."

"Naitwa Marwa. Nina duara la kuchimba dhahabu, mwezi wa tano sasa halitoi kitu, tunachimba mawe tu." Alitazama huku na huku, akashusha sauti. "Naomba ile ya kwenye picha."

"Ile ni michembe."

Marwa alicheka kwa adabu, kama mtu aliyeelewa kwamba mambo haya hayatajwi kwa jina lake. "Sawa, mama. Mimi naitaka hiyohiyo michembe."

Akaweka laki mbili kwenye kigoda. Apolonia aliingia ndani, akatoka na ungo uliojaa michembe, akamwonyesha, akavunja kipande akakitafuna kikiwa kikavu, meno yakamuuma. Marwa alitazama yote hayo kwa heshima kubwa, kisha akaongeza elfu hamsini.

Violeth alizikodolea macho zile fedha. Zingeweka vibarua shambani kesho asubuhi na mpunga ungekwisha kabla ya Jumamosi. Apolonia naye alipiga hesabu hiyohiyo, tena haraka kuliko mkwe wake.

"Nikizipokea hizi," alimwambia Violeth, si Marwa, "nimekuwa mganga kweli." Akazikunja, akamrudishia mgeni mkononi. "Nenda baba. Ukitaka viazi, njoo mwezi wa saba kama watu wengine."

Marwa aliondoka akiwa na hakika kwamba amemkuta mganga mkubwa, maana wadogo hawakatai fedha. Pikipiki yake ilipita mbele ya nyumba nane, na kwenye nyumba zote nane kulikuwa na mtu mlangoni.

*

"Nani alikwambia uweke nyongeza?" Edson aliuliza. Ofisini kwake Masumbwe palikuwa na meza, mizani na picha kubwa ya ukutani ya mkulima mwenye meno mazuri.

"Hakuna aliyeniambia. Futa tu yale maneno, mwanangu."

"Mimi siwezi. Anayefuta ni mteja mwenyewe. Na nikwambie tu mama, ukibaki na nyota chini ya tatu, mfumo unakutoa."

"Unitoe. Sijaja kwa ajili ya nyota."

Edson hakuelewa mtu anawezaje kuja kwa kitu kingine. Lakini alikuwa na moyo mzuri, akampigia Shamimu, akamwomba ruhusa, akamwandikia Apolonia maelekezo kwenye karatasi: Kahama, Nyasubi, duka la vipuri la Feisal, nyumba ya nyuma yake, geti la bluu.

Shamimu alifungua mwenyewe. Alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, amejifunga mtandio, kichanga kiko begani. Alimtambua mgeni kwa picha. Kabla hata ya kuamkia aligeuka, akampa mtoto dada wa ndani, na yule dada akaingia naye chumbani na kufunga mlango. Ndipo akasema, "Shikamoo mama. Karibu, karibu sana."

"Marahaba, mwanangu."

Apolonia alikaa ukingoni mwa kochi ili asilichafue. Alieleza. Alitoa michembe mingine kwenye mfuko wa nailoni, akaeleza jinsi viazi vinavyomenywa, vinavyokatwa, vinavyoanikwa juu ya mwamba mpaka vinakauka, na wakati wa njaa vinavyochemshwa na karanga. Shamimu alisikiliza huku akisikitika kila baada ya sentensi.

"Nisamehe mama. Kwetu Pangani hatuna hiki kitu. Nimeona kitu cheusi kina fundo, na mtoto yupo, nikachanganyikiwa. Wallahi sikujua."

Akachukua simu, akabonyeza mara mbili. "Nimefuta."

"Tayari?"

"Tayari."

Apolonia aliitazama ile simu. Alikuwa amejiandaa kupiga magoti ikibidi, na jambo lenyewe likawa la kidole kimoja. Alishukuru, akanywa chai na chapati, akaaga. Michembe ilibaki mezani ndani ya mfuko wake, haikuguswa. Mlango wa chumbani haukufunguliwa mpaka alipotoka nje ya geti.

*

Violeth alimpokea barabarani. Kwa uso wake tu Apolonia alijua.

"Yamefutika, mama."

"Sasa?"

"Sasa ndiyo wanasema. Umeondoka asubuhi kwenda Kahama, mchana maneno yakatoweka. Wanasema umemfunga mdomo yule mwanamke. Chausiku ameondoa mbuzi wake kwenye malisho yetu."

Siku nne walikuwa wamevuna peke yao na hawakufika nusu, na kwelea kwelea walikuwa wanashuka asubuhi na jioni kama waliowekewa zamu wao. Apolonia alifikiri kwa muda mrefu. Kilichoandikwa kwenye simu kingeweza kufutwa kwenye simu, lakini kilichosemwa kijijini kilitaka kuonekana kijijini, kwa macho, mchana.

"Mpigie," alisema. "Mwambie aje ale kwangu. Aje ale tu, watu wamwone."

Shamimu alinyamaza upande wa pili mpaka Violeth akaangalia kama salio limekwisha. Kisha akasema atakuja Jumapili. Edson aliposikia alifurahi kupita wote, akasema gari atatoa yeye. Mkulima na mteja kwenye sinia moja, hicho ndicho alichokuwa anakitafuta tangu mwaka uanze.

Jumamosi Apolonia alibeba tetea wake mkubwa mpaka dukani kwa Zamoyoni, Mwislamu pekee wa jirani, akamwomba amchinjie ili mgeni asipate sababu. Alipika wali, kuku, mchicha, na bakuli la michembe iliyochemshwa na karanga za kutwanga. Uani alifagia mara mbili.

*

Gari lilifika saa saba. Wanawake wa kikundi walikuwa wametoka kanisani na, kwa bahati tu, karibu wote walikuwa na shughuli kwenye ua wa minyaa wa Apolonia. Mmoja alikuwa anamtafuta kuku, mwingine amesimama kufunga khanga. Mariana alikaa juu ya jiwe upande wa pili wa njia, hakujisingizia shughuli yoyote.

Shamimu alikuja bila mtoto. Alileta sukari kilo tano, sabuni na kitenge. Aliwaamkia watu wote mpaka wa kwenye minyaa kwa sauti ya kusikika, akamkumbatia Apolonia, akasema mbele ya simu ya Edson kwamba alikosea na kwamba huyu mama ni mama yake. Alisema vizuri. Apolonia alihisi kifua kinalegea kwa mara ya kwanza tangu Jumatano ile.

Violeth akaleta maji ya kunawa, kisha sinia.

"Karibu chakula, mwanangu."

Shamimu aliutazama wali, akalitazama bakuli. "Mama, asante sana. Nimeshiba. Tumepitia kula pale Masumbwe."

"Onja hata kidogo."

"Nimeshiba kweli, mama. Na mimi nanyonyesha, naogopa kubadilisha badilisha vyakula. Mtaniwia radhi." Machozi yalikuwa yanamlengalenga. Hakuwa mtu mbaya. Violeth alimwekea soda, naye Shamimu akaifungua mwenyewe, akaipangusa mdomo kwa mtandio, akanywa.

Kuku aliyekuwa akitafutwa hakutafutwa tena.

"Basi dada shika tu kijiko," alisema Edson, simu usoni. "Chota kidogo, kipeleke hapa mdomoni, kama unakula. Mama, wewe msogelee. Tabasamu. Hivyohivyo."

Shamimu alichota kipande cha mchembe, akakipeleka mpaka mbele ya midomo, akatabasamu. Edson alipiga tatu. Kijiko kikarudi bakulini na kile kipande kikiwa juu yake. Apolonia naye alikuwa ametabasamu, kwa sababu aliambiwa atabasamu. Aliposhtukia, uso ulikuwa bado umekaa hivyo, na wanawake wote wa kwenye minyaa walikuwa wanamtazama.

Gari liliondoka kabla ya saa nane. Edson alipungia mkono dirishani, akasema kesho asubuhi atakuwa na nyota tano.

Apolonia alibaki ameketi kwenye mkeka na sinia mbele yake. Hakulia. Alikuwa anawaza kwamba aondoke, amfuate Donatus machimboni akawe mama lishe huko, na mpunga uliwe na nani sijui. Violeth alianza kukusanya vyombo.

"Acha hivyo vyombo," ilisema sauti.

Mariana alikuwa ameingia uani. Alivua kandambili, akaketi mkekani bila kukaribishwa, akanyoosha mikono kwa Violeth amnawishe. Wale wengine walisogea mpaka mwanzo wa ua, wakaishia hapo.

"Yule amekuja kula au amekuja kupigwa picha?" Mariana aliuliza.

Apolonia alikitazama kile kijiko bakulini.

"Viazi nimekata mimi. Vimekatwa na mikono yangu hii, halafu mtu anavishika kama mavi ya panya, na mimi niko pale namtazama." Alikuwa amekasirika. Aliingiza mkono bakulini, akatoa kipande. Akakishika. Akamtazama Apolonia.

Apolonia alielewa. Akachukua kipande chake, akakitia mdomoni, akatafuna, akameza. Mariana alilisubiri koo la mwenzake lipande na kushuka. Kisha naye akala.

Walikula vipande viwili, vitatu.

"Ulijua," alisema Apolonia.

"Nilijua."

"Siku ile nimesimama kwako. Ulijua ni michembe, na kaniki ya mbegu umeniona nikiichana kwa macho yako."

"Nilijua yote."

"Mbona hukusema?"

Mariana alilamba karanga kwenye kidole. "Ningesema, wangesema tuko wawili," alisema. "Na ningekuwa mimi, Apolonia, na wewe ungenyamaza."

Apolonia alitaka kukataa. Alitafuta ndani yake neno la kukatalia, akatafuta vizuri, kwa haki, akakumbuka yule bibi wa kijiji cha pili, ambaye alikuwa shangazi wa marehemu mumewe, na ambaye siku za mwisho alipita mara mbili mbele ya mlango huu akitafuta mtu wa kumsalimu. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani.

Akamsogezea Mariana bakuli.

"Waite na wale," alisema. "Chakula ni kingi."